Asali Isiyopitia Mzingani

Mtu aliyekula mchunga tangu utotoni anaweza kuitambua dandelioni hata kama hajawahi kukanyaga Ulaya. Livunje jani lake, utomvu mweupe utatoka. Lionje bichi, uchungu utakaa ulimini mpaka unywe maji. Ua lake ni la manjano, na likishakomaa hugeuka kuwa shada la nywele nyeupe ambazo upepo huzipeperusha pamoja na mbegu. Mchunga una sifa hizo zote. Wataalamu wa mimea huiweka mimea hii miwili katika ukoo mmoja na alizeti, na ndani ya ukoo huo huiweka katika tawi moja, lile lenye utomvu. Mchunga wameuandika Launaea cornuta. Dandelioni wameiandika Taraxacum officinale.

Kwetu mchunga huchumwa kwa ajili ya majani. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ukaungwa kwa nazi au karanga. Ua huachwa shambani. Mashariki mwa Ufaransa, kwenye mkoa wa Franche-Comté unaopakana na Uswisi, watu nao hula majani ya dandelioni baridi inapoisha, yakiwa bado machanga na mmea haujachanua. Lakini hawaishii hapo. Maua yanapofunguka hurudi malishoni na vikapu, na safari hii hawagusi jani hata moja. Wanayachuma maua kwa mamia, wanayapika pamoja na machungwa na malimau, wanachuja, wanatia sukari, na kupata jeli ya rangi ya dhahabu iitwayo cramaillotte. Jina hilo linatokana na cramaillot, ambalo ndilo jina la dandelioni kwa wenyeji wa huko. Kiutawala Franche-Comté iliunganishwa na mkoa jirani wa Bourgogne mwaka 2016, ila jina la zamani bado liko hai, na jeli hii ni mojawapo ya mambo yanayolibeba.

Nimeichagua cramaillotte iwe kiini cha sura hii kwa sababu ua lake ni fukara kwa kipimo cha jikoni. Halina uchachu wa kutosha. Halina ute wa kugandisha wa kutegemewa. Halina utamu wa tunda wala harufu kali ya waridi au asumini. Mpishi anayeweza kutengeneza jeli kwa ua kama hilo ameshaielewa kazi nzima, na akipewa ua lolote jingine linaloliwa atajua pa kuanzia.

Msimu wenyewe ni mfupi. Katika mabonde ya Franche-Comté malisho hugeuka manjano mwezi Aprili; juu kwenye miinuko ya milima ya Jura, mahali wanapolishwa ng'ombe wenye mabaka mekundu na meupe ambao maziwa yao hutengenezwa jibini maarufu ya Comté, maua husubiri hadi Mei. Baada ya wiki chache tu manjano yote yanakuwa meupe, na aliyechelewa amechelewa mpaka mwaka ujao.

Hata ndani ya msimu kuna saa yake. Kile tunachokiona kama ua moja la dandelioni ni mkusanyiko wa vijiua vingi vidogo, mara nyingi zaidi ya mia moja, vimekaa pamoja juu ya kikonyo kimoja. Kila kinachoonekana kama petali ni ua kamili lenye sehemu zake za uzazi. Mkusanyiko huo hufunguka jua linapokolea na hufunga jioni inapoingia, au mvua inapokaribia. Ukienda alfajiri utakuta vifundo vya kijani vimefumba kabisa. Ukienda jioni, vivyo hivyo. Wachumaji huenda asubuhi jua likishapanda na umande ukishakauka, siku ya anga safi, na hufanya kazi hadi mchana. Ua lililochumwa likiwa limefunguka nalo hufumba baada ya saa kadhaa, kwa hiyo anayechuma asubuhi ajue kwamba kazi ya kuchambua ni ya siku hiyohiyo.

Kuhusu kuchambua wapishi hawakubaliani. Wengi wa Franche-Comté hukata kikonyo chote na kupika ua zima, kitako chake cha kijani kikiwemo. Wengine, na hii ndiyo desturi iliyoenea Marekani, ambako dandelioni ilifika na walowezi kutoka Ulaya, hung'oa petali za manjano peke yake na kutupa kila kilicho kijani. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ingawa nawaelewa wa kwanza. Uchungu wa mmea huu uko kwenye utomvu, na utomvu umejaa kwenye kikonyo na kwenye kitako cha ua. Anayependa uchungu kidogo chini ya utamu, kama ule wa ganda la chungwa, apike ua zima. Anayetaka jeli laini inayokaribia asali avumilie kung'oa petali. Shika kitako kwa vidole vya mkono mmoja, kusanya manjano yote kwa vidole vya mkono wa pili, zungusha kidogo, vuta. Vijani vichache vitapita, na hilo si tatizo. Vidole vitabaki na rangi ya kahawia kwa siku moja au mbili, maana utomvu wa dandelioni hushika ngozi.

Kabla ya kuchambua, yatandaze maua juu ya kitambaa cheupe kwa muda. Wadudu wadogo weusi waliojificha kati ya petali watatoka wenyewe. Kuosha maua kwa maji mengi huondoa wadudu pia, lakini huondoa na chavua, na sehemu ya ladha imo kwenye chavua. Nyuki wanalijua hilo kuliko sisi. Kwao dandelioni ni chakula cha mapema, wakati maua mengine mengi hayajachanua, na ndiyo maana mchumaji mwenye adabu haachi malisho yakiwa matupu. Anachuma hapa, anasogea, anachuma kule. Mmea wenyewe hautaathirika: dandelioni nyingi za Ulaya, hasa upande wa kaskazini, hutoa mbegu bila hata kuchavushwa, na mzizi wake mrefu huchipua tena ukikatwa. Atakayekosa ni nyuki.

Pa kuchumia ni swali zito kuliko saa ya kuchuma. Kando ya barabara kuu kuna moshi na mabaki ya matairi. Kwenye viwanja vya umma na bustani zinazotunzwa na serikali za mitaa kunaweza kuwa na dawa ya kuulia magugu, na dandelioni ndiyo gugu la kwanza kulengwa. Mahali mbwa wanapotembezwa panajieleza. Lakini katika Franche-Comté kuna hatari nyingine ambayo mgeni hawezi kuiona kwa macho, nayo ni ya mbweha.

Mbweha wa Ulaya hubeba tumboni mnyoo mdogo uitwao Echinococcus multilocularis. Mayai yake hutoka na kinyesi na kusambaa kwenye majani yaliyo karibu na ardhi. Mtu akiyameza, vimelea hujenga makazi kwenye ini na kukua polepole kwa miaka mingi bila dalili, na ugonjwa usipotibiwa unaweza kuua. Nchini Ufaransa, mashariki ndiko ugonjwa huu unakopatikana zaidi, na si ajabu kwamba kituo cha taifa cha rufaa cha ugonjwa huo kiko Besançon, mji mkuu wa Franche-Comté. Wasomaji wa Kenya wanaweza kuwa wamesikia habari za ndugu wa mnyoo huyo, Echinococcus granulosus, anayeambukizwa na mbwa na ambaye kwa miongo mingi amewatesa watu wa Turkana. Mayai ya mnyoo wa mbweha hayafi kwa baridi ya jokofu la nyumbani. Hufa kwa joto la kupikwa. Kwa hiyo saladi ya majani mabichi ya dandelioni, chakula kinachopendwa sana huko, ndiyo inayobeba wasiwasi. Jeli ya maua yaliyochemshwa saa nzima haina wasiwasi huo. Ni jambo ambalo ningependa kila anayefundisha kula mimea ya porini alitaje kabla ya kutaja ladha.

Sasa jikoni. Mapishi ya cramaillotte yanayopitishwa kutoka nyumba hadi nyumba huanza na idadi inayomshangaza kila anayeyasoma mara ya kwanza: maua 365. Ua moja kwa kila siku ya mwaka. Sidhani kuna mpishi anayehesabu mpaka mwisho, lakini nafurahi kwamba idadi hiyo imebaki, kwa kuwa inamwambia anayeanza kwamba konzi mbili za maua hazitoshi. Pamoja na maua hayo huwekwa machungwa 2, malimau 2, maji lita moja na nusu, na sukari kilo moja.

Machungwa na malimau hayamenywi. Huoshwa vizuri, hukatwa vipande pamoja na maganda, ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda, na mbegu zake. Vyote huingia kwenye sufuria pana na maua na maji. Sufuria ikichemka, moto hupunguzwa, na kila kitu hutokota polepole kwa muda wa saa moja hivi. Harufu ya mwanzo ni ya nyasi zilizokatwa, na wengi hukata tamaa hapo. Vumilia. Baadaye ganda la chungwa huanza kutawala, kisha kutoka chini yake hutokea harufu nzito, ya joto, inayofanana na ya nta.

Mchuzi huo huchujwa kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Vitabu vya upishi husisitiza kwamba kitambaa cha jeli kisikamuliwe, kiachwe kidondoke chenyewe usiku kucha, ili jeli iwe angavu. Kwa jeli ya matunda nakubaliana nao. Kwa hii, nakamua. Sehemu kubwa ya ute unaogandisha imeshikwa na maganda yaliyolainika, na asiyekamua anaiacha ndani ya kitambaa. Jeli itakuwa na ukungu kidogo. Itaganda, nalo ndilo tunalolitaka.

Kimiminika kilichopatikana, ambacho huwa karibu lita moja, hurudishwa kwenye sufuria na sukari. Sufuria iwe kubwa maradufu ya unavyodhani inahitajika, kwa sababu sukari inapochemka hupanda na povu, na kuunguzwa na sukari ya moto ni kubaya kuliko kuunguzwa na maji. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha iache ichemke kwa nguvu. Toa povu kwa upawa. Baada ya nusu saa, au saa kasorobo, utaona mapovu yanabadilika: yanakuwa mazito, yanapasuka polepole, na mwiko ukiinuliwa matone mawili hukutana ukingoni mwake na kudondoka pamoja kama tone moja pana. Hapo ndipo pa kuanza kupima.

Kupima ni kwa sahani. Weka sahani ndogo kwenye jokofu tangu mwanzo. Dondoshea jeli kidogo juu yake, subiri dakika moja, isukume kwa kidole. Ikikunjana juu, tayari. Ikikimbia kama maji, bado. Ondoa sufuria motoni kila unapopima, la sivyo utapima jeli ya dakika mbili zilizopita.

Kwa nini yote hayo yanafanya kazi? Mwaka 1825, katika mji wa Nancy, kaskazini mwa Franche-Comté, mkemia Henri Braconnot alitenga dutu inayopatikana katika mimea mingi na akaipa jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Ndiyo pektini. Hukaa kwenye kuta za seli za mimea na kuzishikanisha, na iko tele katika matofaa na katika ile nyama nyeupe ya maganda ya machungwa, malimau, na ndimu. Hata pektini ya unga inayouzwa madukani leo hutengenezwa zaidi kutokana na maganda hayo na masalia ya matofaa yaliyokamuliwa maji.

Pektini ni nyuzi ndefu. Ndani ya maji matupu nyuzi hizo husukumana, kwa kuwa zina chaji za umeme za aina moja, na kila moja huzungukwa na maji yake. Hazikutani. Uchachu wa limau huzipunguzia chaji hiyo. Sukari, kwa upande wake, huyavuta maji yaliyozizunguka. Zikibaki bila chaji na bila maji ya kutosha, nyuzi hugusana hapa na pale, zinafungana, na maji yote yaliyomo ndani hunaswa kama samaki wadogo kwenye wavu. Vitu vitatu basi: pektini, uchachu, sukari. Kikipungua kimoja, hakuna jeli. Sukari inatakiwa kufikia karibu asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jeli yote, ndiyo maana ukipunguza sukari nusu kwa nia njema ya afya unapata sharubati. Wenye kisukari na wanaojizuia sukari walijue hilo mapema: zaidi ya nusu ya kila kijiko cha jeli hii ni sukari, na hakuna hila ya jikoni ya kuliondoa hilo isipokuwa kutumia pektini maalumu iliyotengenezwa kwa jeli za sukari kidogo.

Ukiitazama tena orodha ya wapishi wa Jura, kila kitu kiko mahali pake. Ua linatoa rangi na harufu. Chungwa na limau vinatoa nyuzi na uchachu. Hakuna kilichowekwa kwa ajili ya pambo. Na limau lina kazi ya pili ambayo wengi hawaitaji: maji ya maua peke yake hayana uchachu wa kuzuia vijidudu hatari, wakiwemo wale wanaotoa sumu ya botulini ndani ya chombo kisichoingiza hewa. Asipunguze limau mtu anayetaka kuhifadhi jeli kabatini.

Kuhusu joto, vitabu vya Ulaya vitakuambia jeli iko tayari kipimajoto kikifika nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Hiyo ni kweli Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Nairobi si kweli. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya hali kadhalika, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 94 na jeli huwa tayari karibu nyuzi 99. Anayesubiri 105 huko atakuwa amevukiza maji mengi mno, na atapata peremende ngumu ya kahawia. Kanuni ya kushika ni hii: pima maji yanachemka kwa nyuzi ngapi hapo ulipo, ongeza 4 au 5.

Mimina jeli ikiwa moto ndani ya chupa za mdomo mpana zilizochemshwa na kukaushwa, jaza karibu na ukingo, funga papo hapo. Mahali penye baridi na giza hukaa mwaka mzima. Ikishafunguliwa, ihamie kwenye jokofu.

Watu wa Franche-Comté huipaka kwenye mkate, au huila na jibini laini. Wengi wanaoionja bila kuambiwa hudhani ni asali. Kwa rangi na uzito, na kwa ule mwonjo wa maua unaobaki kooni, kosa hilo linasameheka. Wajerumani wana sharubati yao nzito ya dandelioni na sukari wanayoiita Löwenzahnhonig, yaani asali ya dandelioni, na Wafaransa nao wamezoea kuita jeli hii asali. Nyumbani hakuna anayewazuia. Sokoni ni hadithi nyingine: Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2001/110 linasema asali ni kile kinachotengenezwa na nyuki, basi, na chupa ya maua yaliyopikwa haiwezi kubeba jina hilo kwenye lebo. Naona agizo hilo ni la haki. Nyuki hufanya safari nyingi mno kwa kijiko kimoja, na kazi yake inastahili jina lake. Cramaillotte nayo ina jina zuri la kwake.

Kuna maua mengine ya porini ambayo jeli yake huchukua njia tofauti kidogo, na lililo la ajabu kuliko yote ni vayoleti. Mashariki mwa Marekani aina iitwayo Viola sororia huota yenyewe kwenye nyasi za nyumba na kingo za misitu, na ni ua rasmi la majimbo ya Illinois, New Jersey, Rhode Island na Wisconsin. Petali zake hazichemshwi. Humwagiwa maji ya moto ndani ya bakuli la kioo na kuachwa usiku kucha. Asubuhi maji ni ya buluu, buluu ya wino. Kisha mpishi anakamulia limau, na mbele ya macho yake buluu hugeuka zambarau, halafu waridi iliyokolea.

Rangi za vayoleti ni za kundi liitwalo anthosianini, na hubadilika umbo kulingana na uchachu. Robert Boyle, mwanasayansi aliyezaliwa Ireland, aliandika mwaka 1664 jinsi sharubati ya vayoleti inavyokuwa nyekundu ikiguswa na tindikali na kijani ikiguswa na alkali, na kwa jaribio hilo la jikoni akawapa wakemia njia ya kutambua kitu kichachu bila kukionja. Kila anayetengeneza jeli ya vayoleti analirudia jaribio lake. Hapa nashauri kutumia pektini ya unga badala ya maganda, kwa sababu ganda la chungwa litalifunika ua lenye sauti ndogo kama hili.

Lazima niseme jambo kwa wasomaji wa Tanzania. Ua dogo la zambarau linalouzwa duniani kote katika vyungu kwa jina la vayoleti ya Afrika lilitoka kwetu, katika misitu ya Usambara na maeneo ya Tanga, ambako mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikusanya mwaka 1892. Si vayoleti hata kidogo. Ni la ukoo mwingine, na si ua la kupika. Porini limebaki katika vipande vidogo vya misitu vinavyozidi kupungua. Ukilikuta kwenye jiwe lenye kivuli huko Amani, liache lilipo.

Ua la manjano nalo lina mtego wake. Ule mti wa ua wenye majani membamba ya kung'aa na maua ya manjano yenye umbo la kengele, unaopandwa sana kama uzio kuanzia Mombasa hadi Kampala, ni oleanda ya manjano. Kila sehemu yake ina sumu inayoshambulia moyo, na kuchemsha hakuiondoi. Oleanda ya waridi na nyeupe ni hivyohivyo. Maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta na kunukia usiku yana sumu inayovuruga akili. Usipike ua kwa sababu linafanana na la kitabuni. Pika ua unalolijua kwa jina lake la kisayansi, au ulilooneshwa na mtu ambaye amelila na anaendelea kulila.

Na lipo moja ambalo wengi wetu tunalijua vizuri. Rozela, au choya, Hibiscus sabdariffa, huota mashambani mahali pengi penye ukame, na tunainywa kama juisi bila kufikiria kwamba mmea huu umebeba jeli kamili ndani yake. Sehemu tunayoitumia si petali. Petali hunyauka na kuanguka, kisha kikombe chekundu kilicholishika ua hunenepa na kuwa na nyama. Kikombe hicho kina uchachu mkali na pektini pia, na rangi yake ni ya kundi lilelile la anthosianini. Katikati yake kuna kifuko cha kijani chenye mbegu, ambacho kwetu hutupwa. Wapishi wa jimbo la Queensland nchini Australia, ambako jamu ya rozela ni chakula cha jadi cha majumbani, hawakitupi. Wanakitenga, wanafunika vifuko vyote kwa maji na kuvichemsha mpaka vinalainika na kuwa kama vya kioo, kisha wanachuja. Maji hayo yana pektini ya ziada, na ndimo wanamopikia vikombe vyekundu.

Fanya vivyo hivyo. Vikombe vikishalainika kabisa, chuja kwa kitambaa, pima kimiminika kwa kikombe cha chai, na kwa kila kikombe tia kikombe kimoja cha sukari. Limau halihitajiki. Chemsha kwa nguvu na anza kupima kwa sahani mapema, kwa kuwa rozela huganda haraka kuliko dandelioni. Ile iliyokaushwa na kuuzwa sokoni haina tena vifuko vya mbegu, na joto la kukaushia linaweza kuwa limedhoofisha pektini yake. Kwa hiyo unapoitumia, katia ndani ya sufuria chungwa moja zima pamoja na ganda na mbegu zake, uitokose nalo kwa saa moja kabla ya kuchuja.